Aliyeketi Mlangoni pa Bafu

Siku aliyotolewa bandeji, fundi cherehani alikuta nyayo zilizolowa zikitoka bafuni. Akapiga deki. Alipoinuka, nyayo zilikuwa pale pale. Akafumba jicho la kulia, sakafu ikawa kavu. Akalifumbua, zikarudi.

Jicho hilo la kulia ndilo lililopasuliwa. Retina, kiwambo cha nyuma ya jicho, ilikuwa imebanduka; madaktari wakairudisha na kuishikiza kwa mafuta maalumu. Miezi ile aliona kama mtu aliyezamishwa majini. Sasa mafuta yalikuwa yametolewa, na daktari alimwambia avute subira, nuru ingerudi kidogo kidogo.

Ikarudi. Kwanza rangi za nyuzi, kisha tundu la sindano. Lakini kila jicho lilivyopata nguvu, nyayo nazo zilipata miguu, na miguu ikapata nguo iliyolowa, na harufu ya sabuni ikawa inamfuata hadi kwenye cherehani, mpaka mchana mmoja, jua likiwa limejaa chumbani, akamwona mama mkwe wake, ambaye walikuwa wamemzika kabla mafuta hayajatolewa, ameketi kizingitini, shingo imelala upande ambao shingo ya mtu hailali, akimtazama bila kinyongo chochote.

Huko kukosa kinyongo ndiko kulikomtia baridi.

Mumewe, dereva wa lori, aliambiwa tu kwamba mkewe anaona vitu. Akamleta bibi mmoja mfupi aliyekuwa akitoa majini, mcheshi, aliyesema majini wa siku hizi ni wavivu, wanangoja mtu apasuliwe ndipo waingie. Alipokitazama kizingiti, utani ukamkauka. Akamtoa mume nje.

"Huyu si mkweo," akamnong'oneza fundi. "Ni jini, kavaa sura yake. Wala hakupitia jichoni, binti yangu. Kapitia kwenye jambo unalolificha."

Fundi akalia, kisha akasimulia. Baada ya upasuaji wa kwanza aliamriwa alale kifudifudi. Mama mkwe ndiye aliyemlisha na kumwogesha. Asubuhi moja walizozana kwa sababu ya chumvi kwenye uji, ugomvi wa bure kabisa. Muda si mrefu mama akateleza bafuni. Akaita, "Mwanangu, ninyanyue." Daktari alikuwa amemruhusu kuinuka kwa dharura. Hakuinuka. Alijiambia, acha naye aone uchungu kidogo. Mama aliita mpaka sauti ikaisha. Watu walipokuja, fundi alisema alikuwa amelala.

"Mimi nitamtoa," bibi akasema, "ila mlango utaufunga wewe. Mwambie mumeo."

Bibi akasoma dua mpaka jasho likamtoka. Harufu ya sabuni ikakatika, kizingiti kikabaki kitupu. Daktari naye, alipolipima jicho, alifurahi.

Fundi hakusema. Kila alipotaka kuanza, mumewe alikuwa akimshukuru kwa jinsi alivyoishi na mama vizuri. Akajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Jioni moja mume alirudi safari, akaenda kuoga. Hakukawia. Alitoka na taulo mkononi, mkavu, akasimama mbele ya cherehani kama mtu aliyetumwa ujumbe asiouelewa.

"Mke wangu," akasema polepole, "mama yumo bafuni. Anauliza kama umeshaamka."