Chuo Kilicho Siku Mbili Kutoka Nyumbani

"Mimi nataka chuo cha hapa," binti alisema kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Mshauri akatabasamu bila kumjibu, akamgeukia baba yake.

"Fundi, hebu liangalie hili jedwali kwa jicho la mzazi. Usiangalie kwa huruma."

Fundi akavuta kiti. Alikuwa fundi wa lifti, mwanamume wa maneno machache, mikono yake ina weusi wa grisi usiotoka hata kwa kusuguliwa, na mbele ya meza ile ya kioo aliiweka mapajani asije akachafua. Zilikuwa zimebaki wiki saba afunge ndoa na huyu mwanamke aliyekuwa anamwonyesha jedwali. Binti yake wa pekee, aliyempa jina la Chiriku tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, alikaa katikati yao. Hapo katikati ndipo Mshauri alipokuwa hapataki.

"Chuo cha hapa maabara yao imefungwa, huu mwaka wa pili," Mshauri alisema. "Mtoto anataka tiba ya wanyama. Atajifunza kwa picha? Hiki kingine, tazama. Maabara nne. Shamba la mifugo. Na mji wenyewe unakua, majengo marefu kila kona."

"Ni safari ya siku mbili," Fundi alisema.

"Ni chuo, siyo jela. Atakuja likizo."

"Likizo ngapi?"

"Moja. Ndefu."

Chiriku akamtazama Mshauri usoni.

"Anti, ningekuwa mwanao wa kunizaa, ungenipeleka huko?"

"Ungekuwa mwanangu, mama, mizigo ningekufungia mwenyewe."

Alilisema hilo bila kupepesa. Miaka tisa ya kuwashauri watoto wa watu na wazazi wao ilikuwa imemfundisha kusema lolote bila kupepesa. Mwisho wa kikao alimsukumia Chiriku daftari la nywila, lile ambalo kila mwanafunzi wake huandika namba zake za siri ili ofisi imsaidie kutuma maombi.

"Tutaomba vyote viwili," alisema kwa ukarimu. "Halafu uamuzi utakuwa wako mwenyewe. Mimi huwa nawaambia wazazi kila siku, uamuzi ni wa mtoto."

Chiriku akaandika. Alimwamini. Ndiyo sababu habari hii inauma.

Msije mkadhani Mshauri alikuwa hampendi Fundi. Alimpenda mpaka akawa hajijui. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na wanaume wawili wa kabla yake walimwachia majuto tu. Huyu alimletea maua yanayouzwa kwenye ndoo barabarani, akamtengenezea mlango wa kabati bila kuombwa, na alimsikiliza akizungumza bila kuchungulia simu. Lakini kila walipopanga kutoka, Chiriku alikuwa na homa, au mtihani, au amekumbuka kitu cha marehemu mama yake, na Fundi anageuza njia. Na sebuleni picha ya marehemu ilikuwa inamtazama yeye tu.

Mdogo wake Mshauri alimpigia simu wiki ile ile.

"Dada, nimesikia mtoto wa shemeji unamtupa huko mwisho wa dunia."

"Simtupi. Namsomesha."

"Acha kunizuga mimi. Cha hapa kina ubaya gani?"

"Kina ubaya wa kuwa dakika ishirini kutoka kitandani kwangu. Nataka mume mzima, unanielewa? Mzima! Sitaki nusu iliyobaki baada ya mtoto kushiba."

"Na mtoto je?"

"Atazoea. Watoto wa chuo huzoea ndani ya mwezi mmoja. Ni kazi yangu, naijua."

Mdogo mtu akasema polepole, "Dada, wewe una roho ngumu," akakata simu.

Vyuo vyote viwili vilitaka insha. Mwombaji aandike juu ya mtu aliyembadilisha maisha. Chiriku alileta yake ofisini siku ya tatu, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono.

"Isome nikishatoka, Anti. Naona aibu."

Mshauri akachukua kalamu nyekundu, akaanza kama anavyoanza insha zote, kwa kutafuta makosa. Mstari wa nne akagundua kwamba mtu mwenyewe ni yeye.

Mtoto alikuwa ameandika kwamba mama yake alipofariki, aliacha kuongea miezi mitatu. Kwamba watu walimwambia ajikaze, na mtu mmoja tu hakumwambia ajikaze. Mwanamke rafiki wa baba yake alikuja nyumbani, akamkuta anamfunga paka bandeji, akaketi sakafuni na nguo zake za kazi akamuuliza paka anaitwa nani. "Siku ile nilijibu," aliandika Chiriku. "Sasa nyumbani kwetu tunapika tena kwa watu watatu. Nataka kusoma karibu ili nisikose kuwa wa tatu."

Kalamu ikasimama. Kwa muda wa kama dakika moja hivi Mshauri alikuwa binadamu. Alikumbuka yule paka. Alikumbuka jinsi alivyokaa sakafuni akiwaza kwamba Fundi anamwona kutoka mlangoni.

Kisha akaipiga mstari ile sentensi ya mwisho. Pembeni akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Ondoa. Inaonyesha udhaifu. Chuo hakitaki mwanafunzi anayedeka." Na mahali alipokosea herufi kubwa, akamsahihishia.

Chuo cha hapa kilijibu kwanza. Barua ya kukubaliwa iliingia kwenye akaunti ya Chiriku saa nne asubuhi, na Mshauri, aliyekuwa na nywila, akaifungua yeye. Walimpa nafasi, na walimsifu kwa alama zake za biolojia. Mshauri akaenda kufunga mlango wa ofisi, akarudi, akaandika mistari miwili: "Naushukuru uongozi wa chuo. Kwa hiari yangu najitoa, nimepata nafasi kwingine." Akatuma. Akaifuta barua.

Jioni akampigia Chiriku.

"Pole, mama. Cha hapa umekosa nafasi. Lakini nina hakika cha mbali watakuchukua."

Kwenye simu ikasikika Chiriku akivuta kamasi.

"Sawa, Anti," Chiriku akasema. "Asante kwa kunihangaikia."

Na kweli, cha mbali kilimchukua. Fundi akanunua sanduku. Mshauri akafunga mizigo kwa mikono yake kama alivyoahidi, akakunja kila nguo, akaweka dawa za malaria na sindano na uzi. Kila mtu aliyemwona akasema, Chiriku amepata mama.

Akili yote ile, lakini jambo moja lilimpita. Mtu ukiamua kumdanganya fundi wa lifti, usimdanganye juu ya jengo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya harusi. Mshauri alikuwa anajaribu viatu dukani simu ilipoita.

"Bibie," alisema Fundi. Nyuma yake kulikuwa na mwangwi wa korido ndefu. "Uko wapi?"

"Dukani, mpenzi. Viatu vyeupe au vya dhahabu?"

"Mimi niko chuo cha hapa. Wameniita kukagua lifti."

"Lifti gani?"

"Ya jengo la tiba ya wanyama. Ghorofa sita. Maabara ziko ya nne na ya tano, nimetoka huko sasa hivi, zimejaa wanafunzi."

Mshauri akakaa kwenye kibenchi cha dukani, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Basi watakuwa wamefungua juzijuzi."

"Nimeliona daftari la matengenezo. Lifti hii inapandisha watu tangu mwaka juzi. Haijasimama hata wiki moja."

"Fundi, mimi nilipata taarifa kwa watu..."

"Subiri, sijamaliza. Nikasema, kwa kuwa niko hapa, nipite ofisi ya udahili niulize binti yangu alikosea wapi, ili mwakani ajirekebishe. Nimemkuta mama mmoja mstaarabu sana. Amefungua kompyuta." Fundi akavuta pumzi. "Njoo nyumbani."

"Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Unieleze nyumbani. Chiriku atakuwepo."

Aliwakuta mezani, baba na binti, wamekaa upande mmoja. Kiti cha upande wa pili kilikuwa kimevutwa tayari. Akaketi kama wanavyoketi wazazi ofisini kwake, mkoba juu ya magoti.

"Wapigie," Fundi alisema. "Weka sauti nje. Waambie ulikosea, wamrudishie nafasi yake."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akapiga. Mama wa udahili akapokea, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Madamu, ninakuelewa," sauti ikasema, "lakini ile nafasi tulishampa mwingine tangu mwezi uliopita. Mwanafunzi alijitoa mwenyewe kwa maandishi, anasema kwa hiari yake."

"Hakuna namna yoyote?"

"Hakuna. Na inasikitisha, maana huyo binti alikuwa wa pili katika orodha yetu nzima."

Simu ikakatwa. Chiriku alikuwa anaitazama bado, pale mezani.

"Anti," alisema, "mimi nilijitoa lini?"

Mshauri akafungua mkoba, akaufunga.

"Nakuuliza kwa heshima. Nilijitoa siku gani? Ulipiga simu ukaniambia nimekosa nafasi. Nikalia, halafu nikakushukuru. Nilikushukuru, Anti!"

"Mama, nilitaka upate kilicho bora..."

"Usiniite mama."

Fundi akaweka mkono wake mweusi juu ya mkono wa binti yake.

"Sema ukweli mara moja tu," alimwambia Mshauri. "Kwa nini?"

Akasema. Pengine lilikuwa jambo la pekee la heshima alilolifanya mwaka ule. "Kwa sababu nakupenda na nimechoka kukugawana. Nilitaka tuanze sisi wawili. Mwaka mmoja tu, Fundi. Ningepata mwaka mmoja wa kuwa mke, halafu ningekuwa mama yake, ningempenda, wallahi ningempenda."

"Mimi ningekuoa na yeye akiwa humu ndani," Fundi alisema. "Nilikuwa nimeshakununulia kabati la pili."

"Basi tumsaidie pamoja. Tuahirishe chuo, mwakani aombe tena."

"Hapana. Ataenda. Hawezi kukaa mwaka mzima nyumbani kwa ajili yako."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nami naenda."

Mshauri akahisi kama hakusikia vizuri.

"Unaenda wapi?"

"Huko. Si ulinieleza mwenyewe? Mji unakua, majengo marefu kila kona. Nimepiga simu kabla hujafika, kampuni mbili zinatafuta fundi. Ulikisifu kile chuo vizuri mno, bibie. Umenishawishi."

Hakusema kwa kejeli. Angekejeli, Mshauri angeweza kugombana naye. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

"Nichukueni," Mshauri akasema, na machozi sasa yalikuwa yanashuka bila aibu. "Kushauri nafanya popote. Nitaacha ofisi. Nitakaa chumba cha uani. Fundi, usiniache, nakuomba, nina wewe tu!"

Fundi alimtazama muda mrefu. Alimpenda bado, ilionekana wazi, na hilo ndilo lililomtesa Mshauri kuliko matusi.

"Usiniombe mimi," alisema. "Mwombe yeye. Uamuzi ni wa mtoto."

Basi Mshauri akaomba. Mwanamke aliyewaandikisha mamia ya watoto barua za maombi akakaa kuandika yake, akaichana, akaandika tena. Ya tatu ndiyo aliyoituma. Alieleza kosa lake bila kujitetea. Alieleza mema ambayo angeyafanya. Aliahidi. Kisha akangoja kama wanavyongoja wateja wake, simu mkononi, usingizi hauji, kila mlio ukimrusha roho. Harusi iliahirishwa, viatu vikarudishwa dukani. Siku ya tano alimpigia Fundi.

"Amesema chochote?"

"Anafikiria."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nafunga vifaa vyangu. Kwaheri, bibie."

Siku ya kumi na moja alikuwa ofisini, mbele yake kuna baba mmoja aliyekuja kuulizia kozi ya uhasibu kwa ajili ya mwanawe. Simu ikalia ujumbe. Jina la Chiriku.

"Samahani, Baba, naomba nusu dakika," alisema, akafungua.

"Ndugu Mwombaji, tunakushukuru kwa kuomba kujiunga na familia yetu..."

Hapo hapo akajua. Miaka tisa amewasomea watoto barua za namna hii, amewashika mabega wakilia, na anajua kwamba chuo kinachokuchukua huanza kwa hongera. Shukrani ni za waliokosa. Akasoma hata hivyo.

"...Maombi yako tumeyasoma kwa makini, yote, zaidi ya mara moja. Tunasikitika kukujulisha kwamba hukupata nafasi. Walioomba walikuwa wengi? Hapana, ulikuwa peke yako. Uamuzi huu ni wa mwisho. Tunakutakia kila la heri kwingineko. Tumeandika tukiwa njiani, siku ya pili."

Akapiga namba ile. Haikupatikana. Akapiga ya Fundi, nayo haikupatikana. Akaiweka simu mezani taratibu, kifudifudi.

"Kuna nini, madamu?" yule baba akauliza. "Ni mwanafunzi wako?"

"Ni mtu mmoja. Aliomba mahali, amekosa."

"Maskini. Si anaweza kukata rufaa?"

Mshauri akavuta jedwali la vyuo, akatafuta kalamu, akaishika.

"Hawezi, Baba," alisema. "Aliowaomba ndio wale wale aliowakosea."