Chungu Kisichomwagwa

Kionjadawa kilinyoosha mkono wake wa chuma, kikachukua kipande cha mzizi, kikakitosa kwenye maji yanayochemka, kikasubiri, kikachuja. Kisha kikaidondosha chai ile juu ya kondo la nyuma lililooteshwa ndani ya kioo, na juu ya titi lililooteshwa kando yake. Kilichopenya upande wa pili ndicho ambacho kingemfikia mtoto, awe tumboni au ziwani.

Taa ikawaka kijani. Salama.

Nyamizi hakuridhika. Yeye ndiye aliyekiunda, na hiki kilichosimama kwenye kona ya chumba chake hapa Tabora kilikuwa cha kwanza kabisa. Mashine nyingine kama hiyo zilikuwa zimeenea nchi nzima, na hakuna mizizi ya chai ya wazazi iliyouzwa bila muhuri wao wa kijani. Lakini mwanawe alilala mno. Akiwekwa ziwani alivuta kidogo, akaachia, kama mzee aliyeshiba pilau ya harusi.

"Bado unapima tu?" Bi Kalunde, mama mkwe wake, aliingia na kikombe kinachofuka mvuke.

"Nahakikisha, mama."

"Unahakikisha mizizi, au unanihakikisha mimi?"

Nyamizi alipokea kikombe, asinywe. Tangu ajifungue, huyu mama ndiye aliyempikia na kumkanda, naye Nyamizi kila akisikia mfuniko ukigongana jikoni alijiuliza anaongeza nini humo.

"Mtoto halii," alisema.

"Ashukuriwe Mungu. Wenzio hawalali kwa vilio, wewe unatafuta cha kulalamikia."

Nyamizi akainuka. Arobaini yake ilikuwa haijaisha, na mzazi wa ndani haendi jikoni, lakini alikwenda, mkwewe akimfuata nyuma na kuguna. Alifunua chungu. Juu ilielea mizizi mibichi. Alipokoroga, chini kukaibuka mingine, myeusi, imelegea kama matambara.

"Hii ya chini ni ya lini?"

"Ya siku uliyojifungua. Chungu cha mzazi hakimwagwi mpaka atoke nje. Naongeza mizizi, naongeza maji. Kwani kwenu mnafanyaje?"

Kwao walifanya vivyo hivyo. Nyamizi alikuwa amesahau, au hakutaka kukumbuka. Alipokiunda Kionjadawa alikiamuru kipike chenyewe, upya kila mara, kwa sababu hakukiamini kikombe cha mtu yeyote. Wanawake walioleta chai zao kutoka nyumbani walirudishwa mlangoni. Mashine ilionja chai ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuinywa.

Alirudi chumbani, akaiondoa amri ile, akakimiminia Kionjadawa chai ya kikombe cha mkwewe.

Titi la kioo likabadilika rangi: kilichotolewa na mizizi iliyochemshwa siku zote zile kilikuwa kikipenya hadi kwenye maziwa. Taa ikawaka nyekundu, na haikuzima.

Nyamizi aliita gari la wagonjwa. Kisha akauzima muhuri wa kijani nchi nzima, akiwafikiria wale waliokuwa wakinywa saa hiyo, wakiwasifu watoto wao kwa upole.

Bi Kalunde alikuwa ameketi kitandani, mjukuu mapajani, macho kwenye taa.

"Mume wako anaitwa Doto," alisema taratibu. "Hujawahi kuniuliza Kulwa yuko wapi."

Kila mtu Tabora anajua kwamba Doto huzaliwa nyuma ya pacha wake, Kulwa.

"Doto alikuwa mkorofi, akilikataa ziwa, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi. Kulwa alikuwa wangu. Ananyonya, analala. Hasumbui. Watu walikuja kumtazama, wakaniambia nimebarikiwa. Asubuhi moja hakuamka. Tukasema amelogwa. Nikamdhania shoga yangu, nikaachana naye kwa neno hilo, mpaka leo."

King'ora kikasikika mbali. Bi Kalunde akaukamata unyayo wa mtoto, akaupiga kofi dogo kwa vidole viwili, akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Lia, baba," akasema. "Tusumbue."