Nani Anamsuka Kidoti?

"Mheshimiwa, kuna mwanamke mwingine anashika kichwa cha mwanangu!"

Mke wangu alisema hivyo akiwa amesimama, kidole amekielekeza kwangu kama nimefumaniwa na kuku wa jirani. Mahakama nzima ikageuka kunitazama. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani iliyoteremka mpaka puani, akaweka kalamu chini.

"Mama Kidoti, keti kwanza. Mwanamke yupi?"

"Simjui, mheshimiwa. Lakini mimi ni msusi. Ijumaa mtoto anatoka kwangu nywele zimefumuliwa, Jumapili anarudi amesukwa. Nikimuuliza nani kakusuka, anacheka. Nikimuuliza baba yake, anasema hakuna mwanamke. Sasa nywele zimejisuka?"

Tulikuwa tumetengana mwaka mzima. Mimi na yeye wote wabishi. Mmoja akisema chai ina sukari, mwingine anasema haina, na hakuna anayeionja. Siku moja nikachoka, nikahamia chumba cha nyuma ya karakana yangu ya makochi. Binti yetu akabaki na mama yake, mimi nikawa napewa mwisho wa wiki tu, kama mjomba aliyepita kusalimia. Mtoto wangu wa kumzaa!

Ndiyo nikafungua kesi. Sikutaka kumnyang'anya mama yake. Nilitaka haki yangu ya kulea: wiki kwake, wiki kwangu. Yeye akajibu kwa kuomba hata ule mwisho wa wiki niondolewe, kisa huyo mwanamke.

Asubuhi ya kesi alinitumia ujumbe: "Mwambie huyo msusi wako aje mahakamani nimwone sura."

Nikamjibu: "Atakuja."

"Ana ujasiri kweli!"

"Anao mwingi."

Sasa hakimu akanigeukia. "Baba Kidoti, huyo mwanamke yuko wapi?"

"Hayupo, mheshimiwa. Anayemsuka mtoto ni mimi."

Watu walicheka mpaka karani akaficha uso. Kicheko kikubwa kuliko vyote kilitoka benchi la nyuma, kwa mama mkwe.

"Huyu? Huyu shuka tu ilikuwa inamshinda kukunja!"

"Bibi, tafadhali," hakimu akasema, ila na yeye midomo ilikuwa inamcheza.

"Muongo!" mke wangu akaruka. "Mheshimiwa, asuke hapa hapa. Asuke nimwone!"

Hakimu akavitazama vidole vyangu. Vinene, vina makovu ya sindano.

"Unaweza, baba?"

"Nipatieni chanuo tu."

Chanuo likatoka kwenye mkoba wa mama mkwe. "Lirudi na meno yake yote," akanionya.

Kidoti akaitwa kutoka nje alikokuwa anasubiri. Akanitazama, akatazama chanuo, akaelewa.

"Baba, siri yetu imetoka?"

"Imetoka, mama."

"Basi nisuke vizuri. Usituaibishe."

Nikakaa kwenye kiti, yeye akakaa chini katikati ya miguu yangu. Nikafumua mistari miwili ya mbele, nikachana taratibu kuanzia kwenye ncha, nikagawa njia, nikaanza.

Kujifunza kulinitesa, nisiwadanganye. Nilifanyia mazoezi kwenye nyuzi za mapambo ya makochi, karakana nimeifunga ili mafundi wenzangu wasinione. Kuna mteja alikuja kuchukua kochi lake akakuta pindo zima limesukwa. Akanishukuru, akidhani ndiyo fasheni mpya.

"Inauma?" hakimu akamuuliza mtoto.

"Hapana. Baba havuti. Mama akinisuka nyusi zinahama."

"Kidoti!" mama yake akang'aka. Hakimu akajifunika na faili, mabega yanatikisika.

Nilipofika kisogoni, nikatoa uzi wa kazini mfukoni, nikakata kipande, nikafunga ncha. Mke wangu alikuwa ameshasogea bila ruhusa ya mtu. Akainama, akaishika ile ncha. Nikangoja anisute. Badala yake akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hili fundo," akasema polepole. "Hili ni fundo la vifungo vya makochi."

"Ndiyo. Ndilo pekee ninalolijua."

"Nilikuwa nakushikia uzi mimi. Wakati unaanza kazi, huna hata msaidizi."

"Ulikuwa unashika kwa meno," nikamkumbusha, "mikono umeshika chai."

Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Mungu wangu. Ndiyo maana huu mkono wa kusuka ulikuwa unaninyima raha. Nilikuwa naujua, ila sikumbuki naujulia wapi. Nikajaza mwenyewe kwamba ni mwanamke."

"Ulinionea wivu?"

"Nani? Mimi? Sina muda huo."

"Alilia, baba," Kidoti akasema. "Akasema anakata vitunguu. Na hakukuwa na vitunguu."

Mama mkwe nyuma akapiga makofi.

"Kwa nini hukuniambia?" mke wangu akauliza.

"Ungeamini? Wewe ndiye uliyesema mwanaume hawezi kumpeleka mtoto shule na kichwa kinachoeleweka. Nikasema sawa, nitajifunza. Kama hiyo ndiyo inayonikosesha mwanangu, nitajifunza."

Hakimu akavua miwani. "Mama Kidoti, bado unaomba baba huyu aondolewe siku zake?"

Mke wangu akajifuta uso kwa kiganja. "Hapana, mheshimiwa. Apewe wiki yake. Kamili."

"Na wewe baba?"

"Mimi nilichotaka ni hicho hicho."

Ikaandikwa: wiki kwa mama, wiki kwa baba, kuanzia siku ile. Nilitamani kuruka, nikakumbuka niko mahakamani.

Kwenye korido mke wangu akanishika mkono wa shati.

"Ile njia ya katikati umeipinda."

"Haijapinda."

"Imepinda!"

"Haijapinda!"

"Ioneni tena hii chai isiyoonjwa," mama mkwe akasema akipokonya chanuo lake. "Si mkanyooshe nyumbani?"

Jioni ile alikuja karakana kuninyooshea njia. Akaja tena kunifundisha mtindo wa mabutu. Mara akaanza kuja hata wiki ambayo mtoto yuko kwake, wakiwa wote wawili, na sufuria ya chakula. Kabla msimu haujageuka nilikuwa nimerudisha nguo zangu kwenye kabati lile lile la zamani, na nimeonja chai. Ina sukari.

Amri ya mahakama tunaifuata mpaka leo. Wiki moja Kidoti anasukwa na mama, wiki nyingine na baba, nyumba ni hii hii moja. Jumapili iliyopita nilimwona anahesabu siku kwa vidole, ananung'unika.

"Vipi, mama?"

"Wiki ya nyusi imefika," akajibu.