Kilichonasa Jioni Ile

Msiharakishe kumhurumia huyu bwana. Huruma itahitajika baadaye, na hata hiyo haitakuwa yake.

Alikuwa na duka la vifaa vya simu kwenye korido ya jengo la biashara, lenye meza ya kioo mbele na taa nyeupe juu. Majirani walimwita Mtihani, kwa sababu hakukuuzia kitu kabla hajakusaili. Ukimwomba pawabenki ya sumaku, ile inayojishika yenyewe mgongoni mwa simu, kwanza alikupima kwa macho mpaka ukajisahau umefuata nini. Kisha maswali. Simu yako inapokea chaji bila waya? Hujui? Kava lako lina sumaku, au ni plastiki ya kuzuia vumbi tu? Unataka nyembamba isiyochosha mkono, au nene itakayokufikisha safari? Ukibabaika, alisonya, akachukua kitambaa, akaanza kufuta alama za vidole vyako kwenye kioo na wewe mwenyewe bado umesimama pale. Watu wazima na akili zao walitoka dukani kwake na bidhaa nzuri mkononi na donge kooni.

Maana bidhaa zake zilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Na alikuwa na mchezo wake wa kujisifia. Aliibandika pawabenki kwenye simu ya mteja, akaigeuza juu chini, akaitikisa hewani na kusema, "Ikidondoka, chukua bure." Haikudondoka hata siku moja. Alijua sumaku ipi inashika simu ipi, na ile ambayo hakuijua hakuithubutu.

Mke wake alikaa nyuma yake kwenye kiti chenye mto, akifungasha bidhaa. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, iliyokuja baada ya miaka mingi ya kungoja na ya kusimangwa na mawifi. Mimba hiyo ndiyo kitu pekee duniani ambacho Mtihani hakukidharau. Kila walipofunga duka aliweka kiganja tumboni mwa mkewe akangoja mtoto apige teke, na likija alicheka peke yake kama mjinga. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyu alitukana kila aliyepita mbele yake, na uzazi umekaa kwenye kiti mgongoni kwake.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imekatika na korido imeanza kuingia giza. Fundi cherehani wa duka la mkabala alikuwa akifunika mashine yake. Mke wa Mtihani alisema wafunge, miguu imemvimba. Mtihani akasema subiri, amalizie kioo.

Akasikia harufu.

Waya ulioungua... Akageuka haraka kukagua soketi. Zilikuwa nzima, baridi. Aliporudisha uso, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya meza.

Hakusikia hatua.

Alikuwa mama wa makamo, gauni la kazini, mkoba mdogo begani, kama karani wa ofisi yoyote. Alisalimia kwa upole, "Habari za jioni, mwanangu." Mtihani hakuitikia. Alimuuliza anataka nini, kwa kuwa wao wanafunga. Mama akaeleza kwa sauti ya chini kwamba anatafuta pawabenki ya sumaku, lakini iwe ya kushika kweli. Ameshajaribu nyingi, alisema, na zote zinamwachia njiani.

Akaitoa simu yake na kuilaza juu ya kioo. Ilikuwa nyeusi tupu, haina jina la kampuni, haina hata tundu la waya. Mtihani aliichukua kwa vidole viwili, akamgeukia mkewe.

"Umeona? Anatafuta sumaku ya kushika jiwe."

Mkewe hakucheka. Mtihani akaanza kutoa somo: simu za zamani hazina sumaku mgongoni, kwa hiyo lazima ibandikwe pete ya chuma kwanza, na watu wanaonunua vitu wasivyovielewa ndio wanaojaza majalala. Akabandika pete, akaikandamiza kwa dole gumba. Akachagua pawabenki nyembamba, akaipachika, akageuza mkono.

Tak.

Ikaanguka juu ya kioo.

Akailaumu gundi. Akabadilisha pete, akachukua pawabenki nene, yenye sumaku ambayo yeye mwenyewe ilikuwa ikimtoa jasho kuibandua. Tak. Akajaribu ya tatu, akaifuatisha ya nne. Mama yule alitazama tu, viganja vyote viwili vimetulia juu ya kioo. Ndipo Mtihani alipoona kwamba vile vitaa vya pembeni, vinavyoonyesha chaji, vilikuwa vimezimika kwenye pawabenki zote alizozigusisha na ile simu. Alibonyeza moja, akabonyeza nyingine. Zimekufa. Asubuhi alizijaza mwenyewe. Na ile simu mkononi mwake ilikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friji.

Mtu mwenye akili timamu angefunga duka. Mtihani aliona ametukanwa.

Mama akasema, taratibu, kwamba zimedondoka, lakini yeye hazitaki hata za bure. "Hizo zimekwisha."

"Mume wangu," mkewe akanong'ona nyuma yake, "mwache aende. Tufunge."

Mtihani akashika kitambaa ili kumfutia mama yule alama zake mbele ya macho yake, kama ilivyokuwa desturi. Mama alikuwa ameondoa viganja. Pale vilipokuwa hapakuwa na alama yoyote, hata ukungu wa joto la ngozi. Kioo kilikuwa safi. Mtihani aliliona hilo kwa macho yake mawili, na wazo lililomjia, msicheke, ni kwamba kitambaa alichonunua ni kizuri sana.

"Sikiliza, mama," alisema. "Humu ndani, chochote kitakachonasa kwenye hilo jiwe lako, chukua. Kisha uniondokee."

"Chochote?"

"Chochote. Au na masikio yako yameisha chaji?"

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo tunavyosema. Laiti ungeponza kichwa kile kile kilichosema.

Mkewe aliinuka kwa aibu. Alikuwa mwanamke mwenye malezi, na aibu za mumewe alizoea kuzifuta yeye. Akaichukua ile simu kutoka mezani ampe mama wa watu, amwombe radhi, amsindikize. Aliishika kifuani... simu ikaruka kutoka mkononi mwake.

Tak.

Ilinasa tumboni.

Juu ya gauni, katikati kabisa. Mke alibaki na mikono hewani. Skrini iliyokuwa nyeusi ikawaka. Asilimia moja. Mbili. Nne.

"Inavuta," mkewe akanong'ona. "Inamvuta."

Mtihani aliishika na kuivuta mpaka kucha zikapinda. Haikusogea. Akanyakua mkasi wa kukatia mifuko, akalikata gauni kuizunguka, akalitupa lile pande la kitambaa. Simu ilibaki pale pale, imelala juu ya ngozi tupu. Tisa. Kumi na tatu. Akatumbukiza kiganja chake kati ya simu na tumbo, akilia sasa, akisema ninase mimi, ninase mimi. Simu ikateleza juu ya mkono wake kama imegusa ubao, ikarudi tumboni.

"Wewe huna kitu," mama alimwambia. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema muuzaji kwamba bidhaa fulani imekwisha.

Hapo bwana mkubwa akapiga magoti. Shikamoo ambayo hakuwahi kumpa mteja hata mwenye mvi ilimtoka bila kuombwa. "Shikamoo, mama. Nisamehe, mama yangu. Chukua duka lote."

"Marahaba, mwanangu. Usiivute. Ukiivuta inaongeza."

Kwa hiyo akatazama. Hakuna kingine alichoweza kufanya, huyu mjuzi wa sumaku. Alitazama namba zikipanda na midomo ya mkewe ikipauka. Skrini ilipoonyesha mia, mama aliigusa simu kwa kidole kimoja, ikajibandua yenyewe. Akaitia mkobani. Akasema imeshika vizuri, akamtakia mke usiku mwema, akaingia kwenye giza la korido. Harufu ya waya ikaondoka naye.

Fundi cherehani alikuwa ameshakuja mbio kwa kelele zile. Mpaka leo anaapa kwamba hakumwona mwanamke yeyote. Alichokiona yeye ni Mtihani ameshika mkasi, anamkatia mkewe gauni na kupiga magoti mbele ya meza isiyo na mtu. Mtaa mzima umeamua kwamba amechanganyikiwa, na wengi wao, nisiwafiche, wamefurahi.

Lakini mtoto aliacha kucheza.

Walikimbilia zahanati. Mkunga aliweka kipimo tumboni, akahamisha, akahamisha tena, akakunja uso. Moyo upo, alisema, ila unapiga kwa mbali, unapiga polepole. Akataka kujua lile duara jekundu kwenye ngozi ni la nini. Mke akavuta kanga kulifunika. Akawaambia warudi nyumbani, wahesabu mateke, yakikosekana waje. Usiku hayakuja. Asubuhi hayakuja, na mchana mkunga aliposikiliza tena, moyo ulikuwa umezidi kufifia.

Jioni, giza lilipoingia, simu ya Mtihani iliita. Haikuonyesha namba. Alipokea, akasikia pumzi tu... na puani ikamjia ile harufu. Kabla hajafungua kinywa, mkewe alipiga ukelele chumbani.

"Amecheza!"

Mtoto alicheza muda wote simu ilipokuwa hewani. Ilipokatika, akatulia kama jiwe.

Ikawa hivyo kila jioni. Simu inaita, mtoto anaamka. Inakatika, analala, na moyo unaanza tena kushuka. Siku moja umeme ulikatika na simu ya Mtihani ikazima kabla ya saa ya kupigiwa. Yeye, mwenye duka zima la pawabenki, alikuwa njiani bila hata moja mfukoni. Alipofika mbio dukani na kuiwasha, iliita papo hapo. Nyumbani mkewe alikuwa ameshalala sakafuni, amelikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, akisema hamsikii mtoto tena. Tangu hapo hatoki bila pawabenki mbili, na huamka usingizini kutazama kama vitaa vinawaka.

Siku hizi anawasalimia wateja. Anawapa kiti. Ukitia mafuta ya mikono yako yote kwenye kioo chake, anakuambia karibu tena. Wengine husema ameokoka. Upuuzi. Ni woga tu. Mtu hajui kati ya wanaoingia ni yupi mwenye mkoba ule. Mimi adabu ya namna hiyo siinunui hata kwa bei ya jumla.

Jana mkunga aliwaambia mimba imetimia, wajiandae wakati wowote. Jioni wakakaa kitandani, simu katikati yao. Iliita.

"Shikamoo, mama," Mtihani alisema.

Tumboni mtoto akageuka, ukaona ngozi ikipanda na kushuka.

"Marahaba." Ilikuwa mara ya kwanza kujibu. "Amekaribia?"

"Amekaribia, mama."

"Akizaliwa, nani atampokea?"

Mtihani alimtazama mkewe. Mkewe alisikia; alitikisa kichwa, machozi yakimchuruzika, akitikisa tu kichwa, hapana, hapana, hapana. Upande wa pili pumzi ilikuwa inangoja. Kisha ikaanza kufifia... na tumbo likatulia. Mke akaweka viganja, akabonyeza huku, akabonyeza kule. Hakuna kitu. Uso wake ukabadilika, na kichwa kikaacha kutikisika.

"Wewe, mama," Mtihani akasema. "Utampokea wewe."

Mtoto akaanza kucheza.