Maji ya Baridi Kwanza

Devotha, mtoto wa miaka miwili, aliungua mkono wa kulia kwa maji ya kuoga.

Ilikuwa Julai, na Ilomba nzima ilikuwa ikitetemeka kwa baridi. Mama yake, Eveline, alikuwa ameenda msibani Idodi. Baba yake, Gwakisa, akaamua kumwogesha mwenyewe. Aliepua maji yaliyochemka kwenye jiko la mlangoni, akayamimina kwenye beseni, sakafuni, kisha akatoka kuchota ya baridi kwenye pipa. Ndivyo walivyozoea katika nyumba ile: ya moto kwanza, ya baridi baadaye. Mtoto alimwacha na sweta lake ili asipigwe na baridi.

Akiwa pipani, akasikia ukelele.

Alimkuta Devotha amekaa chini, mkono wa sweta ukifuka mvuke. Alilivua lile sweta kwa nguvu. Likatoka na ngozi.

Bibi Matilda, mama yake Gwakisa, aliingia na chupa ya asali.

"Kaombe manyoya ya sungura kwa Sifaeli, yule mfugaji," alisema. "Tunabandika na asali. Hata wewe nilikutibu hivyo."

"Mama, ngozi imetoka."

"Ndiyo maana nakwambia kimbia. Umesimama kama nguzo ya umeme."

Gwakisa alishika mlango, akauachia, akaushika tena. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anatetemeka tu, na kimya kile kilimtisha baba yake kuliko kilio.

Jirani yao Mwanakhamisi, muuza maandazi, alikuwa amesikia. Akaingia bila kubisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nishikie mtoto nimpake."

"Asali hiyo weka kwenye chai, bibi. Baba Devotha, lete maji safi ya baridi. Ya bomba, siyo ya barafu."

"Kwa baridi hii?" Bibi Matilda aliuliza. "Mtamuua mjukuu wangu kwa nimonia."

"Tunamwagia mkono tu. Mwili mfunike blanketi. Mie niliungua na mafuta ya maandazi, nikapaka dawa ya meno. Nesi alipokuwa anaikwangua, nilitaja ukoo wangu wote. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Bibi Matilda aliiweka chini chupa, akaenda kuchukua blanketi.

Gwakisa alimimina maji taratibu kwa kikombe. Malengelenge yalikuwa yanavimba kwenye vidole.

"Niyatoboe?"

"Usiyaguse. Yanazuia uchafu usiingie. Mwaga maji."

"Mpaka lini?"

"Dakika ishirini. Tazama saa kwenye simu, usinitazame mimi."

Akamwaga. Mikono yake mwenyewe ilikufa ganzi.

"Siku nyingine," Mwanakhamisi alisema kwa sauti ya chini, "mwagia maji ya baridi juu ya nguo kwanza. Halafu ikate kwa mkasi. Iliponata, iache, wataitoa hospitali."

Gwakisa alilisukuma lile sweta kando kwa mguu, akachota kikombe kingine.

Walifunika mkono kwa kipande cha shuka safi, bila kukaza, wakapanda bajaji kwenda kituo cha afya. Njia nzima Gwakisa aliangalia vile vidole vilivyochungulia kwenye shuka, akiomba vijikunje. Simu yake iliita: ni Eveline. Alishindwa kuipokea.

Nesi alifunua kitambaa.

"Mmepaka nini hapa?"

"Maji tu."

"Basi tuna pa kuanzia. Wengi wananiletea unga na mayai, kidonda hata hakionekani."

Mkono ulipona polepole. Siku hizi kwa Gwakisa maji ya baridi hutangulia kwenye beseni, ya moto hufuata, na mtoto hubebwa mpaka mtu mzima apime kwa kiwiko chake. Jiko halikai tena mlangoni. Bibi Matilda ndiye askari wa sheria hizo, na wageni wanamwogopa.

Lakini maji yale yalichukua chake. Kuna kovu, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Kidole cha mwisho hakinyooki. Na wakati wa kuoga, Devotha humkubali mama yake tu. Baba akinyoosha mikono kumpokea, yeye huuficha wa kulia mgongoni.