Gauni la Mama na Mabega ya Itzel

Kila asubuhi, kabla Itzel hajafunga kamba za viatu vyake vya shule, Bibi Eulalia alikuwa ameshasimama jikoni akigeuza tortila, mikate myembamba ya mahindi, kwenye kikaango kwa vidole vitupu. Nyumba yao ilikuwa Pharr, kusini kabisa mwa Texas, mahali ambapo joto huamka kabla ya watu.

"Kula nyingine, mjukuu wangu. Umekula kama kuku," Bibi alisema.

Itzel akala. Bibi akamtazama kwa nyuma, kisha akaguna. "Lakini mabega hayo! Yamezidi ya marehemu babu yako. Nani atacheza na wewe siku ya sherehe?"

Itzel alikuwa amezoea. Katika nyumba ile, kukataa chakula kulikuwa kosa, na kunenepa kulikuwa kosa vilevile. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa kwenye timu ya shule ya kunyanyua vyuma. Alipenda ule ukimya wa kichwani wakati chuma kinapoacha sakafu.

Sherehe aliyoisema Bibi ilikuwa ya kutimiza miaka kumi na tano, siku ambayo msichana husimama mbele ya ukoo mzima na kuhesabiwa mkubwa. Itzel angevaa gauni la rangi ya waridi alilovaa mama yake, Maribel, alipokuwa na umri huohuo.

Jumapili moja baada ya misa walilijaribisha. Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma. Mama mdogo Nelda, ambaye ni fundi cherehani, akavuta mara mbili, kisha akaachia.

"Kibonge wetu," Bibi alisema akicheka. "Acha tortila, na acha hivyo vyuma. Miezi miwili inatosha."

Mama hakucheka. Lakini pia hakusema kitu, na hilo ndilo lililomuuma Itzel zaidi.

Tangu siku hiyo alianza kujinyima. Asubuhi alifunga tortila kwenye karatasi, akidai atakula njiani, kisha akampa rafiki yake Damaris. Mchana alikula tufaha. Jioni alisema ameshiba. Zipu ilianza kusogea kidogo. Usingizi nao ukasogea mbali, na darasani maneno ya ubaoni yakawa yanacheza.

"Mimi nimechoka kula chakula chako," Damaris alimwambia siku moja. "Unanuka njaa, Itzel. Sema ukweli."

"Niache. Ni mpaka sherehe tu."

Siku hiyohiyo mazoezini, Itzel aliingia chini ya chuma ambacho kwa kawaida alichuchumaa nacho bila shida. Akashuka. Alipotaka kuinuka, miguu ilitetemeka na macho yakaona giza. Damaris na msichana mwingine walikidaka chuma kabla hakijamlalia.

Mwalimu Treviño, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alichuchumaa mbele yake. "Leo umekula nini?"

"Tufaha."

"Na jana?"

"Tufaha," Itzel akarudia.

"Basi hutagusa chuma tena mpaka ule chakula cha kueleweka, na mpaka nizungumze na mama yako," mwalimu alisema. "Leo wenzako wamekudaka. Sitaki kujaribu bahati mara ya pili."

"Naomba niseme naye mimi mwenyewe kwanza, Mwalimu."

"Leo. Kesho nampigia simu."

Jioni ile Bibi aliweka sahani ya maharage na nyama mezani. Itzel alikuwa ameshaamua.

"Mama, leo nusura nianguke na chuma begani," alisema. "Sijala vizuri kwa wiki kadhaa, kwa sababu ya gauni. Sitafanya hivyo tena. Vyuma siachi. Na Bibi, ukiniita kibonge mimi sicheki. Inaniuma."

Bibi akaweka kijiko chini. "Mimi nakutania tu, mtoto. Na watu watasema nini, umevaa gauni lisilofunga?"

"Watasema waliyoyasema juu yangu," Mama akajibu ghafla. Wote wakamgeukia. "Walisema nimependeza. Mama, mimi niliingia kwenye gauni lile kwa kunywa maji ya ndimu wiki nzima. Nilizimia msalani, mkawaambia wageni ni joto. Keki yangu sikuionja. Halafu Jumapili ile nilisimama pale, mwanangu anavutwa zipu, nikanyamaza."

Bibi alikunja pembe ya kitambaa cha meza.

"Nilijua si joto," alisema mwishowe. Kisha akaisogeza sahani mbele ya Itzel.

Kesho yake Mama alikwenda mwenyewe kuonana na Mwalimu Treviño. Nelda alifumua gauni ubavuni na kuongeza vipande vya satini nyeupe, na Itzel alirudi mazoezini polepole, kwa vyuma vyepesi kwanza.

Mashindano ya wilaya yalifanyika wiki moja kabla ya sherehe. Bibi alikuja, amevaa nguo ya kanisani, akishikilia mkoba wake kama yuko benki. Itzel alinyanyua uzito wa mifuko miwili ya saruji. Akashika nafasi ya tatu. Bibi alisimama juu ya benchi, na Mama akalazimika kumshika kiuno.

Siku ya sherehe, Itzel alicheza kila wimbo na akala keki mara mbili. Mgeni mmoja alimwinamia Bibi, akimwita Doña kwa heshima. "Msichana wenu ni mzuri, Doña Eulalia. Ila mabega hayo..."

"Nimeyalisha mwenyewe," Bibi alijibu. "Yana kosa gani?"

Baadaye alimketisha mjukuu wake kando, akamshika mkono.

"Nisikilize, Itzel. Mimi nilifundishwa kuwa msichana ni wa kutazamwa, nami nikamfundisha mama yako hivyo. Tulikosea. Mwili wako umepewa uutumie, uufanyie kazi, uufurahie. Ulishe, uupumzishe, na asikutume mtu kuutesa ili yeye apendezwe. Ukisikia nimeanza tena, nikatize. Mimi ni mzee, bado najifunza."

"Nitakukatiza, Bibi."

"Vizuri. Sasa inuka, tukacheze."

Wakaenda katikati ya ukumbi, na Bibi ndiye aliyeongoza.