Kina cha Shimo la Kushoto

Mifupa iligunduliwa Jumapili, saa tano na robo asubuhi, na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Katibu wa klabu ya wapenda mapango, mwanamke ambaye siku za kazi alipima watu macho, alikuwa ameshuka kwa kamba kwenye shimo lililo mwisho wa njia ya kushoto. Njia hiyo ramani ya klabu ilikuwa imeifunga kwa maneno mawili ya wino mwekundu: HEWA MBAYA. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeyapinga. Katibu aliyapinga kwa sababu moja tu: kila alipopita karibu na njia hiyo alihisi upepo ukimpuliza shingoni, na alivyofundishwa yeye, hewa mbaya hutuama, haivumi.

Alitarajia kukuta njia mpya. Miguu ilipogusa chini, taa yake iliangukia buti mbili zilizopangwa sambamba, kama za mtu aliyezivua mlangoni kabla ya kuingia kulala. Mwenye buti alikuwa ameketi hatua tatu mbele, mgongo ukutani, kofia ngumu bado kichwani. Katibu hakupiga kelele. Alimwambia mwenzake aliyebaki juu kwamba asishuke, akasimama pale kitambo, kisha akaanza kupanda.

Jumatatu saa mbili asubuhi Inspekta alishushwa kwenye shimo lile kama ndoo ya kisimani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mzito wa mwili na mwepesi wa kuona, na kwa muda wote wa kushuka alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua hakuyafumba tena. Kulikuwa na baridi ya kunata, na mahali fulani gizani tone la maji lilikuwa likianguka, likinyamaza, likianguka.

Aliandika alichokiona. Marehemu alikuwa amevaa mikanda ya kupandia, na chuma cha kushukia kimening'inia kiunoni. Kando yake palikuwa na vipande vinne vya mishumaa, vyote vimewaka mpaka mwisho. Kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri mlikuwa na funguo ya pikipiki, penseli, utepe wa kupimia na daftari dogo. Kamba haikuwepo. Inspekta aliitafuta mara tatu, akainua hata mawe.

"Mtu hashuki hapa bila kamba, mama," Katibu alimwambia. "Na kamba ikikatika, kipande kimoja hubaki juu na kingine huanguka naye. Hapa hakuna cha juu wala cha chini."

Juu, kwenye mdomo wa shimo, pete ya chuma ilikuwa imepigiliwa kwenye mwamba, imeshika kutu, na haina hata uzi. Kamba haikukatika. Ilifunguliwa, ikaondoka na mtu.

Jina la marehemu halikuchukua muda kujulikana. Ndani ya kofia palichorwa mjusi kwa rangi nyeupe, na wanachama wa zamani wote walimkumbuka Mjusi, fundi umeme aliyepanda kuta kama aliyezaliwa nazo, mcheshi wa kuchekesha na wa kukera. Alipotea miaka kumi na moja iliyopita. Au tuseme hakuna aliyedhani amepotea: pikipiki yake ilikutwa stendi ya mabasi, na asubuhi ya siku aliyotoweka alikuwa amegombana na mkewe, nesi wa hospitali. Watu wakajumlisha wakapata jibu. Kakimbia nyumba yake. Mkewe mwenyewe ndiye aliyewaambia polisi hivyo.

Daktari wa maiti alisema hakuna mfupa uliovunjika. Mjusi hakuanguka. Alifika chini salama, akakaa.

Daftari lilieleza alikaa muda gani. Mwandiko ulikuwa wa penseli, na maji hayakuugusa. Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa na mchoro wa njia ya kushoto, na mwisho wake duara lenye maneno "shimo, kina bado". Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Jumamosi: "Saa 4:50 asubuhi. Kina mita 23.4." Kuanzia hapo ziliandikwa saa tupu, moja chini ya nyingine, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mwandiko ukizidi kuwa mkubwa na kulegea kama wa mtoto. Ya mwisho ilikuwa ya Jumatano. Jina la mtu halikuandikwa popote. Inspekta alilisoma daftari lile mara nyingi, na kila mara alikwama hapo. Mtu ana penseli, ana siku tano, na hamtaji aliyemfanyia hivyo.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mdogo wake marehemu, fundi wa majokofu, kwa kuwa pikipiki ya kaka yake alikuwa akiiendesha hadi leo. Karakana yake ilijaa migongo ya friji, na alizungumza huku akifuta mikono iliyokwisha kutakata. Alikiri kwamba aliichukua stendi wiki mbili baada ya kaka yake kutoonekana. Alikuta usukani umefungwa na funguo haipo, ikabidi abadilishe kitasa kizima. Alikuwa na hasira na kaka yake, alisema, kwa kumwachia shemeji peke yake, na akaichukua kama mtu anayejilipa fidia ya aibu.

Inspekta aliikumbuka ile funguo ya mfuko wa plastiki. Kama muuaji angeipeleka pikipiki stendi ili kuwapoteza watu, angehitaji funguo; na funguo ilikuwa shimoni na mwenyewe. Basi Mjusi aliiacha stendi kwa mkono wake, akaifunga, akaondoka na funguo mfukoni. Stendi haikuwa mahali pa kukimbilia. Palikuwa mahali pa kukutania. Mtu mwenye gari alimchukua pale Jumamosi asubuhi.

Hapo macho yakamgeukia dereva wa ambulensi. Ndiye aliyemwoa mjane miaka minne baadaye, na watu walishasema mengi. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Alimkaribisha Inspekta kiti, akabaki amesimama yeye. Alisema wakati ule alimjua nesi kwa salamu za kazini tu. Inspekta hakubishana naye. Alikwenda hospitali, akafunguliwa kabati la vitabu vya safari, akakuta Jumamosi ile dereva aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na mgonjwa wa rufaa, akarudi saa moja jioni, na sahihi ya hospitali nyingine ipo. Hakuwa mwanachama wa klabu, na hajawahi kuingia pangoni maishani. Inspekta aliondoka na vumbi la makabati mikononi na bila mshukiwa.

Jumatano alasiri alipita kwenye chumba cha klabu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuuliza tu ni nani walikuwa na magari enzi zile. Kamba zilianikwa ukutani zikivuja maji ya tope. Ukuta wa pili ulikuwa wa ramani, iliyowekwa kwenye fremu ya kioo, kazi safi ya mtu aliyeijua kalamu. Katibu alimwonyesha njia ya kushoto. Maneno mekundu yalikuwepo. Chini yake, kwa tarakimu ndogo nadhifu, paliandikwa kina cha shimo.

Inspekta alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Hii ramani ni ya lini?"

"Mwenyekiti aliikamilisha mwaka ule ule," alisema Katibu. "Mwezi mmoja hivi baada ya Mjusi kuondoka. Tangu hapo haijaguswa."

Mwenyekiti aliitwa Penseli na kila mtu, hata wajukuu zake. Alikuwa mchoraji mstaafu wa ofisi ya ardhi, mwanzilishi wa klabu, mwandishi wa kitabu chake cha pekee cha mapango. Alhamisi saa nne asubuhi alikuja mwenyewe kwenye chumba cha klabu alipoitwa, shati limenyooshwa, penseli nyuma ya sikio. Katibu aliombwa abaki, na askari mmoja akakaa karibu na mlango.

Inspekta alianza taratibu. Alimpa pole kwa kufiwa na mwanachama. Alimuuliza mara ya mwisho alimwona lini marehemu, na Penseli alijibu bila kusita kwamba ilikuwa Alhamisi ya wiki ile, kwenye kikao cha klabu. Jumamosi alikuwa nyumbani akichora. Gari alikuwa nalo, ndiyo, halikutoka. Je, yeye alishawahi kufika kwenye lile shimo? Hapana. Hata njia ya kushoto hakuwahi kuikanyaga. Mjusi ndiye aliyefika huko, akarudi na kusema hewa ni mbaya, na yeye akaandika alivyoambiwa.

"Na kina cha shimo?"

"Aliniambia yeye pia. Alhamisi hiyo hiyo."

"Una hakika ni Alhamisi."

"Mama, baada ya hapo sikumwona. Angeniambia lini?"

Inspekta alilifungua daftari, likiwa ndani ya plastiki yake, akaliweka mezani. Akamwomba mzee asome ukurasa wa Alhamisi. Penseli alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kwa mazoea ya mtu wa ofisi: shimo, kina bado. Akaombwa asome unaofuata. Huo hakuusoma kwa sauti.

"Alhamisi Mjusi mwenyewe hakukijua kina," Inspekta alisema. "Alikipima Jumamosi, saa nne na dakika hamsini, akiwa chini. Baada ya hapo hakutoka. Ile namba ilitoka bila yeye, mzee. Ishirini na tatu nukta nne, iko hapo ukutani kwa mwandiko wako. Kuna namna moja tu ya kuipata: kuwa juu ya shimo Jumamosi ile, na kumsikia akiitaja."

Penseli alisema mtu anaweza kudondosha jiwe, akahesabu. Alisema kwa sauti ndogo, na Katibu ndiye aliyemjibu, akitazama sakafu: kwamba jiwe hukupa makadirio, haliwezi kukupa nukta nne, na kwamba utepe wa kupimia hushikwa na watu wawili.

Maji ya kamba yalidondoka kwenye beseni.

"Alikuwa anacheka," Penseli alisema hatimaye.

Alieleza mengi, na mengine aliyarudia. Tangu utoto alikuwa akiogopa vina vya mashimo. Mapango aliyoyaandika kwenye kitabu chake aliyajua kwa vipimo vya wenzake. Yeye hakuwahi kushuka shimo hata moja. Klabu nzima ilidhani magoti ndiyo yanayomzuia siku hizi, na kwamba zamani alikuwa simba. Mjusi peke yake aligundua. Jumamosi ile walikwenda wawili, kupima tu. Mjusi alishuka, akataja kina, Penseli akakiandika, kisha akaombwa ashuke naye kuona chumba kilichokuwa huko chini. Alikataa. Mjusi akacheka, na kicheko kikarudi kutoka kuta zote. Akasema kesho atawaambia wanachama kwamba mwenyekiti wao ni bingwa wa mapango ya karatasi.

"Nikaivuta kamba. Nilitaka anyamaze. Nilisema moyoni, nusu saa tu, nimtie adabu." Alivua miwani. "Alicheka bado. Nikaenda kwenye gari, nikala chakula changu. Niliporudi alikuwa hacheki. Alisema ni polisi nitakaowaeleza. Nikajua nikimshushia kamba, anapanda na jambo la kweli juu yangu, si utani tena. Nikakaa. Kila nilivyokaa, ikawa mbaya zaidi kumshushia. Mwishoni aliita, kwa upole, akasema, kaka, inatosha sasa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaikunja kamba vizuri."

Maneno mekundu aliyaandika ili asiwepo mtu wa kwenda kuangalia. Kina alikiandika kwa sababu kilikuwa kwenye daftari lake, na katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuchora shimo akaacha kipimo chake. Hilo alilisema kama mtu anayejitetea, na pengine ndilo pekee alilolisema kwa fahari. Askari alimshika mkono kumwinua, kwa heshima, kama anavyoinuliwa mzee yeyote.

Katibu aliuliza, walipobaki wawili, kwa nini Mjusi hakuandika jina. Inspekta alisema hajui. Alichodhani ni kwamba mpaka Jumatano yule bwana aliamini kamba inarudi, na hakutaka mwenzake aje akute ameandikwa.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa sebuleni kwa mjane. Nesi alikuwa ametoka zamu, bado na sare, na mumewe, yule dereva, alileta chai akaenda kukaa nje ili wazungumze. Inspekta alimweleza yote kwa mpangilio, nani na kwa nini. Nesi alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya wodi, akiitikia kwa kichwa mahali panapostahili. Alisema miaka yote alijua kwamba ugomvi wa asubuhi ile ndio uliomfukuza mumewe wa kwanza, na alishajifunza kumchukia kidogo kidogo, maana bila hivyo asingeamka.

Kisha akauliza, "Alikaa siku ngapi?"

Inspekta aliwahi kudanganya katika vyumba kama hivi, na alifikiri kudanganya tena. Lakini daftari lingesomwa mahakamani.

"Kuanzia Jumamosi mpaka Jumatano, dada. Pengine na Alhamisi."

Nesi alihesabu kwa vidole juu ya goti lake, polepole, kama anayehesabu mapigo ya moyo ya mtu.

"Jumanne ya wiki ile niligawa nguo zake," alisema. "Nilikuwa na hasira. Nilizigawa zote kabla ya saa sita."

Chai ilipoa mbele yao, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.